Mchanga Ulioachwa na Malori

Samaki wa Okinyi waliishi juu ya kioo kitupu, na kioo kitupu kilikuwa kikiwatia wazimu.

Chini ya kila samaki kulikuwa na samaki mwingine, tumbo kwa tumbo, akiigiza kila alichofanya mwenzake. Dume wa buluu, mwenye madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la nyuma, alipigana na mwenzake huyo wa kwenye kioo tangu jua lilipoingia dirishani, na alipochoka kupigana naye aliwageukia majike. Joram Ogola alikaa mbele ya tangi hilo, sebuleni kwa mama yake, mtaa wa Manyatta, mjini Kisumu, akikunja na kukunjua ngumi kana kwamba angeweza kuingia majini awaamulie.

Walikuwa fulu, samaki wadogo wa ziwani ambao zamani watu waliwakaanga kwa viganja na kuwatafuna na mifupa yao, kabla mbuta, yule samaki mkubwa mlaji, hajawameza karibu wote. Okinyi, kaka yake Joram, alikuwa fundi wa vioo. Alikusanya vipande vilivyobaki kwenye madirisha ya watu, akaviunga kwa gundi, akapata tangi. Kisha akaanza kuwafuata fulu huko Seme, kwao, katikati ya mafunjo na mawe, akiwa na wavu wa mkono. Mwaka uliopita mtumbwi wake ulirudi ufuoni wenyewe. Yeye hakurudi.

Watu walimngoja pale kando ya maji mpaka kungoja kukawa aibu. Ziwa halikumtoa. Basi wazee wakafanya kinachofanywa: wakachuma yago, tunda refu na zito kama paja la mtoto, wakalivika shati la Okinyi, wakalilia, wakalizika mahali pake. Na kwa kuwa kwao aliyezama hulazwa karibu na maji, kaburi lilichimbwa ufuoni, si katikati ya boma.

Joram hakulia siku ile. Alisimama mbele ya watu, kidevu juu, akasema kwamba samaki wa kaka yake hawatakufa mikononi mwake, kwamba watazaa na watoto wao watazaa. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walitazamana. Yeye aliwaona waliotazamana, na tangu siku ile aliishi ili kuwaonyesha.

Lakini jike wa fulu hubeba mayai mdomoni. Huyafumbata humo mpaka yaanguliwe, na siku zote hizo hali kitu. Akisumbuliwa, huyatema. Majike wawili walikuwa wamekwisha kuyatema kwa kufukuzwa na dume, mayai yakatawanyika juu ya kioo kama punje za mtama, na kabla Joram hajashika hata kikombe yakawa yameliwa. Sasa jike wa mwisho, mwenye mkia uliochanika, alikuwa amefumba mdomo. Kidevu chake kilikuwa kimetuna. Alijibanza ndani ya kigae cha chungu alichotegewa kwenye kona, akitetemeka kila dume alipopita.

Hapakuwa na nafasi nyingine. Walihitaji mchanga, wasijione tena, na ulipaswa kuwa mchanga usioua.

Alianzia kwa jirani yake Wandera, Mbukusu mmoja mcheshi aliyefyatua matofali ya saruji karibu na Kondele. Wandera alisikiliza shida yote huku ameegemea sepetu.

"Kwa hivyo samaki yako inataka mchanga ya kulalia," alisema. "Na mto je? Na neti ya mbu?"

Joram alichota konzi moja kwenye rundo, akausugua kwenye ngozi ya mkono wake. Ukaacha mistari myekundu. Alieleza kwamba fulu hutia mchanga mdomoni, huutafuna kutafuta chakula, kisha huutoa kwa mashavu, na mchanga wenye makali kama ule ungewachana. Akaumwagia siki kutoka kwenye kichupa alichokuja nacho. Ukatoa povu na sauti ndogo ya kuungua. Hiyo ilikuwa chokaa. Ingeyageuza maji yasiwe yale waliyoyazoea.

"Sasa unaitengenezea kachumbari," Wandera alisema. Joram hakucheka, naye Wandera akajuta kidogo, akamwambia atafute huko ziwani, mahali maji yamelainisha kila kitu.

Alijaribu kwanza ufuo wa karibu na mjini. Juu mchanga ulikuwa mweupe, lakini alipoingiza kidole ulikuwa mweusi kama masizi, na kutoka chini yake kukapanda harufu ya yai viza. Aliurudisha kama mtu anavyofunga mlango wa chumba alichokosea kuingia. Kesho yake akaenda Seme.

Hakuwa amefika tangu mazishi. Ufuo aliochezea utotoni haukuwepo. Malori ya wachimba mchanga yalikuwa yameula. Palikuwa na matope, mawe, na mashimo mapana yaliyojaa maji ya kijani, na kingo zake zilikuwa zimekatwa wima kama mkate. Alitembea akitafuta hata konzi moja, hata sufuria moja. Ndipo alipoona alama za magurudumu zinakuja moja kwa moja, halafu ghafla zinapinda, zinazunguka kitu, na kuendelea upande wa pili.

Kitu chenyewe kilikuwa kaburi la Okinyi. Wavuvi wenzake walikuwa wamelifunika kwa mchanga mzuri kuliko wote, wakati ule ulipokuwepo. Lilikuwa limelala hapo jeupe, refu, safi, katikati ya uharibifu wote. Wenye malori, ambao hawakuogopa serikali wala Mungu, hawakuwa wamegusa hata punje.

Joram alichuchumaa. Aliusugua kwenye mkono: laini kama unga. Akautia siki: kimya. Akapitisha sumaku ndogo: haikuokota hata chembe ya chuma. Akautikisa kwenye chupa ya maji: ukatua mara moja, maji yakabaki meupe kama hayakuwahi kuguswa. Kila alichouliza, mchanga ulijibu ndiyo.

Alijiambia kwamba hapo ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na tunda, na tunda limekwisha kuoza. Alijiambia kwamba Okinyi mwenyewe angecheka, angesema chukua, omera, ndugu yangu, ni wa samaki wangu. Akajaza beseni, akalisawazisha kaburi kwa kiganja mpaka lisionekane limeguswa.

Kule juu ya mteremko aliishi Waya Seline, dada ya baba yake, na Joram hangeweza kupita bila kumwamkia. Akanywa uji wake. Alipomwambia kwamba amekuja kutafuta mchanga wa samaki, shangazi huyo alisikitika, akasema malori yameumaliza wote. Joram akajibu kwamba amepata kidogo hivi. Haukuwa uongo, na kwa kuwa haukuwa uongo aliumeza pamoja na uji.

Nyumbani alianza kuuosha. Mchanga wowote, hata ulio mzuri, maji yake ya kwanza hutoka kama chai ya maziwa. Ule ulitoka safi tangu mwanzo. Joram alifurahi. Aliutandaza kwa unene wa vidole viwili tu, ili hewa mbaya isijikusanye chini, akakaa kutazama.

Dume aliacha kupigana. Aliacha katikati ya shambulio, kama mtu aliyeitwa jina. Wote walishuka taratibu, wakaweka matumbo yao juu ya mchanga, wakatulia. Jike mwenye mkia uliochanika alitoka kwenye kigae, mdomo umefumbwa, akashuka katikati yao. Hakuna aliyemgusa. Joram alipiga kofi moja la furaha, akamwita mama yake aone. Samaki hawakushtuka na kofi. Hilo alilifikiria baadaye.

Kilima kilianza kesho yake.

Dume wa fulu huchimba. Joram alilijua hilo. Huchimba kishimo cha duara, hurundika mchanga pembeni, hucheza mbele ya majike. Lakini hiki hakikuwa kishimo, na hakikuwa cha duara. Kilikuwa kirefu, kipana kidogo upande mmoja, kikipungua taratibu kuelekea mwingine. Alikisawazisha kwa mwiko. Aliporudi kutoka kazini kilikuwa pale pale. Akakisawazisha tena, na asubuhi aliyosubiri kukiona kinavyojengwa, aliona dume akibeba mchanga kwa mdomo, na nyuma yake majike, wote ila yule aliyefumba mdomo, wamepanga foleni, kila mmoja akiweka konzi yake ndogo kwa zamu. Majike hawajengi. Hakuwahi kuona wala kusikia.

Mama yake, Atieno, alipita na sufuria ya ugali. Akasimama. Akaiweka sufuria sakafuni, yeye ambaye hakuwahi kuweka chakula sakafuni.

"Nani amelala hapo?" aliuliza.

Joram alisema ni samaki tu, wanacheza. Mama hakubisha. Ila tangu siku hiyo alikigeuza kiti chake ili asilipe tangi mgongo, na kila alipotoka nje aliaga chumba ambacho hakikuwa na mtu.

Wakati wa kupumzika samaki walilala wamezunguka kilima, vichwa vyote upande mmoja. Joram alihamisha pampu ya hewa, akidhani wanafuata mkondo. Hawakugeuka. Akaziba dirisha, akidhani wanafuata mwanga. Hawakugeuka. Mwishowe alitoka nje, akasimama sawa na ukuta wa sebule, akanyoosha mkono upande waliokuwa wakitazama. Ulikuwa upande wa magharibi, juu ya mabati ya Manyatta, kuelekea ziwani, kuelekea Seme.

Hata hivyo jike alikuwa bado amefumba mdomo, ametuna kuliko mwanzo, na dume hakumsogelea. Joram aling'ang'ania hilo. Aliwahesabia haki samaki, aliuhesabia haki mchanga, akajiona yeye ndiye mwenye woga wa kijinga. Basi akakunja mkono wa shati, akaingiza kiganja majini, akakilaza juu ya kile kilima ili akivunje kwa mara ya mwisho.

Maji yalikuwa vuguvugu. Mchanga ulikuwa baridi. Na chini ya kiganja chake ulipanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Polepole, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mzito baada ya kazi ya kutwa.

Ni pampu, alijiambia. Pampu inatikisa maji. Kwa mkono mwingine aliichomoa kwenye umeme. Mapovu yakakoma, chumba kikawa kimya kabisa, na kiganja chake kikaendelea kupanda na kushuka.

Aliutoa mkono. Hakukivunja kilima tena.

Waya Seline aliwasili siku chache baadaye, mchana, bila kupiga simu. Alikuwa ametoka hospitali ya Kombewa kwa ajili ya goti lake, na badala ya kurudi nyumbani alikuwa ameendelea mpaka Kisumu. Alikaa, akakataa chai, akasema alichokuja kusema: kaburi la Okinyi limebonyea katikati. Halikuporomoka pembeni kama la kuliwa na mvua. Limebonyea katikati, kama godoro mtu anapoinuka. Wavuvi wamehamisha mitumbwi yao. Ng'ombe wanazunguka mbali kwenda kunywa maji.

Ndipo alipogeuza shingo akaliona tangi. Alitazama kilima, akatazama samaki walivyokizunguka, na mkono wake ukaenda taratibu mdomoni.

"Joram. Hii mchanga umetoa wapi?"

"Ufuoni, Waya."

"Ufuo gani? Malori ilimaliza."

Joram alinyanyua kidevu, kama alivyokinyanyua siku ya mazishi. "Mle ndani kulikuwa na yago tu."

"Na kwani yago tulizika ya nini?" Seline alisema kwa sauti ya chini sana. "Yeye alikosa mahali pa kulala. Tukamtandikia, tukamwambia, mtoto wetu, hapa ndio kwako, usizunguke. Sasa wewe umekuja umebeba kitanda. Umeleta kwa nyumba ya mamake. Ulitaka aende wapi?"

Joram alijitetea. Alionyesha jike mwenye mdomo uliofumbwa. Aliomba siku chache tu, mpaka azae, kisha mchanga utarudi wote hata punje isibaki. Akiutoa sasa, jike atashtuka, atatema, na huyo ndiye wa mwisho. Hakutakuwa na watoto wa samaki wa Okinyi, na yeye atakuwa amesema uongo juu ya kaburi la kaka yake. Alisema kwa ukali, alisema haraka. Kisha yeye na Seline walimgeukia mama.

Atieno alikuwa akitazama tangi.

"Mimi nimemsikia akipumua," alisema. "Tangu siku ile ya kwanza. Nikanyamaza. Nikasema, wacha nimsikie kidogo." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Mrudishe, nyathina, mwanangu. Hapa halali vizuri. Nasikia vile anageuka."

"Na huyu akitema, Mama?"

"Atatema."

Basi Joram akaanza kuchota mchanga kwa kikombe na kuutia kwenye beseni. Samaki wengine walijitenga, wakajibanza pamoja juu kabisa, karibu na hewa. Lakini jike mwenye mkia uliochanika aliingia ndani ya kikombe. Alimtoa. Akaingia tena. Kila mchanga ulipokwenda alikwenda, mdomo umefumbwa, macho yamekodoka, mpaka Joram akaogopa kupambana naye zaidi. Akaacha maji ndani ya beseni, akamwacha na yeye humo, akaona heri wabebwe pamoja.

Wandera aliwapeleka Joram na Seline mpaka Seme kwa pikapu yake ya matofali; Atieno alibaki nyumbani. Alichungulia beseni, akamtazama Joram, akawasha gari. Hakutania njia nzima.

Kaburi lilikuwa kama Seline alivyosema. Joram alipiga magoti. Aliingiza viganja vyote viwili kwenye beseni, akamwinua jike pamoja na maji kidogo, ili amhamishie kwenye ndoo. Na hapo, juu ya kaburi, katikati ya viganja vyake, jike alifungua mdomo.

Joram alifumba macho. Alipoyafumbua alitarajia kuona mayai. Hayakuwa mayai. Ulikuwa mchanga. Ulimtoka samaki mdomoni taratibu, mweupe, mwembamba kama uzi, ukapita katikati ya vidole vya Joram ukaangukia kaburini. Ulimwagika kwa muda mrefu kuliko mdomo mdogo kama ule ungeweza kubeba. Na ulikuwa mkavu. Upepo uliupeperusha kidogo.

Alimtia jike kwenye ndoo. Kisha akamimina beseni lote, na kaburi likajaa, likawa sawa na kingo zake, si pungufu wala zaidi. Seline aliomba kwa Dholuo, akiita jina la Okinyi kama mtu anavyomwita mtoto aingie ndani jua likizama. Joram alibaki amepiga magoti. Hakuwa na mayai, hakuwa na kiapo, na kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi ule urudi wenyewe, alimlilia kaka yake.

Alirudi Manyatta jua bado linawaka. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya tangi, amenyanyua kidole kimoja kumnyamazisha kabla hata hajavuka kizingiti. Joram alikaribia na ndoo yake.

Kioo cha chini kilikuwa kitupu tena. Samaki wakubwa walikuwa bado juu. Lakini chini kabisa, pale kilima kilipokuwa, kulikuwa na kitu kama kivuli. Alipoinama aliona ni watoto wa samaki, wadogo kama kope, wengi mno, wametulia juu ya kioo bila kupiga hata pezi. Mama alinong'ona kwamba walitoka kwenye kile kigae alimokuwa amejibanza jike, wote kwa pamoja, mara tu pikapu ilipoondoka. Walikuwa wamejipanga kwa umbo. Umbo lilikuwa refu, pana kidogo upande mmoja, likipungua taratibu kuelekea mwingine, na kila kichwa kilielekea magharibi.

Joram aliinamisha ndoo, jike akateleza ndani ya maji. Alishuka moja kwa moja. Akafungua mdomo, na watoto wakaanza kuingia, kama wanavyofanya watoto wa fulu wakiogopa. Waliingia kuanzia upande ule mwembamba. Umbo likaisha miguu, likaisha kiuno, likaisha kifua, kikabaki kipande kidogo cha duara pale juu. Kisha na hicho kikaingia, na mdomo ukafumbwa.

"Amelala," mama alisema.

Baada ya muda dume alishuka, akaona mwenzake kwenye kioo, akatandaza mapezi. Jike akarudi nyuma, akitetemeka.

"Kesho utafute mchanga ingine," Atieno alisema bila kuondoa macho kwenye tangi. "Ya mahali hakuna mtu."

Joram aliitikia. Akaanza kuupita ufuo wote akilini mwake, kutoka Seme mpaka mjini, ghuba kwa ghuba, akikumbuka kila mtumbwi uliorudi wenyewe na kila familia iliyozika tunda. Aliupita wote, akarudi mwanzo, akaupita tena, na hakupata mahali.